Mpira wa vyuo Marekani, ACC wanaume: maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila ikikaribia Agosti simu yangu inajaa meseji, ndugu wa Dar, washkaji wa hapa Charlotte, watu niliokutana nao msibani au harusini, na maswali ni yaleyale. Mi ni shabiki wa Clemson, chuo cha South Carolina, naendesha kama masaa mawili kwenda kuwaona na sikosi mechi ya Ijumaa labda kazini wanibane kabisa. Nimeona niyaandike majibu sehemu moja. Yanaanza na ya mwanzo kabisa, yale ya kizushi yapo chini.

## Ya mwanzo

1. Hii ACC ni nini hasa?

Ni Atlantic Coast Conference, umoja wa vyuo ulioanzishwa 1953, na Clemson alikuwepo tangu siku ya kwanza. Konferensi we ichukulie kama ligi ndani ya nchi, maana hapa vyuo vyenye timu ya wanaume daraja la juu ni zaidi ya 200, haiwezekani wote wakutane, kwahiyo wamejigawa kwenye makundi na kila kundi lina ligi yake, kombe lake na watani wake.

Kwenye mpira wa wanaume ACC ina timu 15: Boston College, Cal, Clemson, Duke, Louisville, North Carolina, NC State, Notre Dame, Pittsburgh, SMU, Stanford, Syracuse, Virginia, Virginia Tech na Wake Forest. Florida State, Miami na Georgia Tech wapo ACC kwa michezo mingine ila hawana timu ya mpira ya wanaume, usihangaike kuwatafuta kwenye msimamo. Na ndio, jina linasema pwani ya Atlantiki wakati Stanford na Cal wapo California upande wa Pasifiki kabisa, waliingia 2024 pamoja na SMU ya Dallas.

2. Ni mpira huu wetu au ule wa kushika mkononi?

Ni huu wetu wa miguu. Mtu wa hapa akikwambia "football" ujue anaongelea ule mwingine wa makofia ya chuma, sasa ukienda kukata tiketi taja soccer, na taja wanaume, maana kuna ya wanawake pia na mara nyingi uwanja ni huohuo.

3. Kwanini niangalie watoto wa chuo wakati kuna EPL na Simba na Yanga?

Hili naulizwa kuliko yote. Kwanza sio watoto, wengi wana miaka 18 mpaka 23, na wengine wametoka akademi za Ulaya wakakosa mkataba wakaja huku kusoma huku wanacheza. Jack Harrison aliyecheza Leeds na Everton alipita Wake Forest. Alistair Johnston wa Celtic, Wake Forest pia. Tajon Buchanan wa Canada, Syracuse. Hao wote, watu waliwaona kwa tiketi ya bei ya chakula cha mchana, umekaa hatua chache kutoka mstari unasikia kabisa beki anavyomfokea kiungo wake.

Ila mi sikuvutwa na hayo ya nani atakuwa staa. Kilichonishika ni ule msimu wa ligi wenyewe, Septemba mpaka Novemba mwanzoni, mechi nane tu za ACC. Nane! Ukifungwa mbili nyumbani umeshaharibu mwaka mzima, na yule mchezaji wa mwaka wa nne hana mwaka mwingine wa kusahihisha. Aliyecheza UMISSETA au aliyewahi kuona shule yao inatolewa nusu fainali anaijua hiyo hali, kila mechi inabeba uzito. Watu wengi wanasubiri Desemba ndo wawashe TV, mi naona wanakuta chakula kimeshapoa.

4. Nichague timu gani?

Kama unaishi karibu na chuo kimojawapo, chagua hicho, imeisha. Ushabiki huu unanoga ukiweza kwenda uwanjani hata mara tatu kwa msimu. Kama upo mbali, chagua kwa mchezaji au kwa historia. Virginia ndo wenye makombe mengi ya taifa ACC, saba, na manne kati ya hayo waliyabeba mfululizo 1991 hadi 1994 chini ya Bruce Arena, yuleyule aliyekuja kuifundisha timu ya taifa ya Marekani.

Mi nilichagua Clemson kwasababu ya historia yao na Waafrika. Kocha wao wa zamani I.M. Ibrahim, mzaliwa wa Haifa, alianza kuwafundisha 1967 na alileta vijana wengi wa Kinigeria kipindi ambacho huku Kusini mwa Marekani hakuna aliyekuwa anawaza kitu kama hicho, na akabeba ubingwa wa taifa 1984 na tena 1987. Mmoja wa Wanigeria hao, Obed Ariri, alikuja kwa ajili ya mpira wa miguu akaishia kuwa mpigaji mateke kwenye ule mpira wa kushika na akafika mpaka NFL, ligi kuu ya mpira huo. Niliposikia hiyo habari nikasema basi, hapa ndo kwangu.

## Ratiba, msimamo na makombe

5. Msimu unaanza lini na unaisha lini?

Mechi za kweli zinaanza wiki za mwisho za Agosti, fainali ya taifa ni katikati ya Desemba. Yani miezi minne kasoro imeisha. Ndani ya hapo timu inacheza mechi kama 16 hivi kabla ya mchujo, siku mbili kwa wiki, mechi za ACC nyingi zinapigwa Ijumaa usiku halafu Jumatatu au Jumanne ni za kukutana na timu za nje ya konferensi. Miguu inachoka sana, na hawa vijana Jumatano asubuhi wana mtihani wa kemia, ukiona kiungo anatembea dakika ya 80 usimtukane.

6. Mbona timu yangu msimu huu haikutani na Duke?

Kwasababu timu 15 na mechi nane haviendani, kuna ambao hamtakutana kabisa mwaka huo. Zamani kulikuwa na makundi mawili, Atlantic na Coastal, siku hizi msimamo ni mmoja wa wote. Ubaya wake ni kwamba kuna timu inapata ratiba laini na nyingine inapewa vigogo watupu, kwahiyo kabla hujatukana msimamo angalia kwanza nani kacheza na nani.

7. Nimeona timu imeandikwa 12-4-3, ndo kusemaje?

Kashinda 12, kafungwa 4, sare 3. Huku sare wanaiweka mwisho. Sisi tumezoea sare ikae katikati, kwahiyo wengi wanasoma vibaya wanadhani timu ina sare nne. Pointi ni zilezile, tatu kwa ushindi na moja kwa sare, ila pembeni utaona rekodi mbili, moja ya mechi zote na nyingine ya mechi za ACC peke yake. Ya msimamo ni hiyo ya pili.

8. Kuna makombe mangapi kwa msimu mmoja?

Matatu. La kwanza ni la kuongoza ligi ya ACC. La pili ni la mchujo wa ACC mwezi Novemba, ukipoteza unarudi nyumbani, raundi za mwanzo zinachezwa kwa mwenye nafasi ya juu. La tatu ni la taifa, la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), ambalo timu nne za mwisho zinakutana kwenye kinachoitwa College Cup, na mara nyingi linafanyikia Cary, North Carolina.

Kwahiyo inawezekana kabisa timu ikaongoza ligi, ikatolewa mapema kwenye mchujo, halafu ikabeba taifa.

9. Timu inaingiaje kwenye kombe la taifa?

Wanaingia 48. Bingwa wa kila konferensi anapita moja kwa moja, waliobaki wanachaguliwa na kamati inayoangalia umecheza na nani na umemfunga nani. Timu 16 bora zinapumzika raundi ya kwanza, nyingine 32 zinagongana, washindi 16 wanawafuata waliopumzika nyumbani kwao.

Hapa ndo utaelewa kwanini mechi ya Jumanne na chuo usichokijua mwezi Septemba ina maana. ACC wagumu, kwahiyo hata ukimaliza nafasi ya saba unaweza ukaitwa, ila ukifungwa na timu dhaifu mwanzoni hiyo doa itakufuata mpaka siku ya kutangazwa majina. Na kumaliza ndani ya 16 ni kucheza nyumbani, ambayo kwa Novemba yenye baridi ni kitu kikubwa mno.

10. ACC kweli ni wakali au ni maneno yenu?

Angalia mabingwa wa taifa wa miaka mitatu mfululizo: 2021 Clemson, 2022 Syracuse, 2023 Clemson tena. Syracuse walimtoa Indiana kwa matuta baada ya sare ya 2-2. 2023 fainali ilikuwa ya ACC watupu, Clemson 2 Notre Dame 1, pale Louisville.

Ile fainali ya 2021, Clemson na Washington, nilikuwepo Cary. Nimekaa, nimeshika mfuko wa karanga hata sijaufungua, Isaiah Reid akafunga. Sekunde ya 27! Washington hawajaugusa mpira vizuri. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa bado anaweka mto wake kwenye benchi, akageuka kuniuliza nini kimetokea nikashindwa kumjibu nikamkumbatia tu. Reid akaongeza la pili baadae, ikaisha 2-0.

Ila usidharau wengine. 2020 alibeba Marshall, 2024 akabeba Vermont, hakuna kati yao aliyetoka konferensi kubwa.

## Sheria zinazochanganya watu

11. Kwanini saa inarudi nyuma?

Kwenye vyuo saa ya ubaoni inaanza 45:00 inashuka mpaka sifuri, kila kipindi. Hakuna dakika za nyongeza za refa. Goli likiingia saa inasimama, kadi ikitoka inasimama, penalti inasimama. Ikifika sifuri honi inalia na hapohapo imeisha, na hata kama mpira upo hewani unaelekea golini, honi ikilia kabla haujavuka mstari hakuna goli.

Sekunde kumi za mwisho mtangazaji anahesabu kwa sauti uwanja mzima, kumi, tisa, nane. Ukiwa unaongoza kwa moja hizo sekunde hazipiti, nakwambia.

Na kitu ninachokipenda kuliko vyote: dakika za mwisho za mechi, timu inayoongoza ikifanya sabu saa inasimama. Ule mchezo wa kumtoa mtu anatembea kama bibi harusi ili kuua muda huku haupo.

12. Mbona mchezaji katoka halafu karudi?

Inaruhusiwa. Kipindi cha kwanza ukitoka huwezi kurudi mpaka mapumziko, kipindi cha pili ukitoka unaweza kurudi, ila mara moja tu. Kwahiyo makocha wanabadilisha watu wengi, kuna mastraika wanacheza dakika 55 kwa kasi ya ajabu kwasababu wanajua watapumzishwa. Watu wa EPL wanachukia hii sheria, mi nimeizoea, kwa mechi mbili kwa wiki bila hivyo vijana wangevunjika.

13. Sare inaishaje?

Mechi za kawaida ikiisha 90 sare ni sare, tangu 2022. Kabla ya hapo kulikuwa na muda wa ziada wa goli la dhahabu, anayefunga kaondoka. Kwenye mchujo wanaongeza vipindi viwili vya dakika 10 ambavyo vinachezwa vyote, halafu matuta.

## Kuangalia ukiwa mbali

14. Mechi ya saa moja jioni huko, Dar inakuwa saa ngapi?

Shemeji yangu wa Tabata alikosa mechi mbili kwa hili kwahiyo soma taratibu. Mechi ya saa moja usiku ya huku Mashariki ni saa nane usiku kwenu. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba huku saa zinarudishwa nyuma, basi inakuwa saa tisa usiku. Na kwakuwa imeshavuka usiku wa manane, mechi ya Ijumaa kwenu ni Jumamosi alfajiri, weka alamu ya Jumamosi. Kinshasa na pande za magharibi mwa Kongo toa masaa mawili, Lubumbashi, Bukavu, Kigali na Bujumbura toa moja.

Mechi ikiwa kwa Stanford au Cal ongeza masaa matatu, hapo saa moja usiku yao ni saa kumi na moja alfajiri Dar. Hizo ndo nzuri kwa mtu anayewahi kuamka.

15. Zinaonyeshwa wapi?

Ukiwa Marekani, nyingi zipo ACC Network au kwenye apu ya ESPN. Ukiwa nje haki za kuonyesha zinatofautiana nchi kwa nchi, kwahiyo jaribu kwanza kwenye tovuti ya chuo chenyewe, kwenye ukurasa wa ratiba kila mechi ina viunganishi, kimoja cha video na kingine cha takwimu laivu. Hiyo ya takwimu inafunguka kokote hata kwa bando dogo, inakuandikia shuti, kona, kadi na sabu dakika kwa dakika. Shemeji anakaa na hiyo tu huku mi namtumia voisi za uwanjani, na anafurahi vilevile.

## Kwenda uwanjani

16. Riggs Field pakoje?

Ndo uwanja wa Clemson, upo katikati ya chuo kabisa, na michezo imekuwa ikichezwa pale tangu 1915. Majani ni ya kweli. Ukifika lisaa limoja kabla unapata sehemu ya kuegesha bila kugombana na unawaona wachezaji wanapasha misuli. Mi napenda kukaa upande wa jua linapozama, mwangaza wa rangi ya chungwa unaangukia wale vijana waliovaa jezi za chungwa na matofali mekundu nyuma yao, hapo mechi hata haijaanza na tayari nafsi imetulia.

Leta koti kuanzia katikati ya Oktoba, mchana unaweza kuwa wa fulana na ikifika kipindi cha pili unatetemeka. Chai ya tangawizi kwenye chupa uulize getini kwanza kama wanaruhusu. Mwisho wa mechi wachezaji wanakuja upande wa mashabiki, watoto wanasainiwa jezi, hakuna anayekusukuma.

17. Naweza kushangilia kwa Kiswahili?

Shangilia! Sisi huwa tunaenda sita au saba, Watanzania, Wakenya na Wakongo wawili wa Bukavu, na tunaimba. Wanafunzi wameshazoea, kuna kikundi chao kinaitikia "twende" bila kujua ni nini, tukawafundisha.

## Wachezaji

18. Kuna vijana wetu waliopita huku?

Wapo. Philip Mayaka, Mkenya, alicheza kiungo Clemson 2019 na 2020, halafu kwenye drafti ya 2021 ya MLS, ligi kuu ya huku, ambapo timu zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu, akachukuliwa namba tatu na Colorado Rapids. Namba tatu nchi nzima. Alikuwa anapokea mpira akiwa amegeuka tayari, sijui nilielezeeje, kabla haujamfikia bega lake lilishaamua.

Nje ya ACC yupo Gloire Amanda, familia ya Kikongo, kazaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akakulia Canada. Akiwa Oregon State alishinda Hermann Trophy ya msimu wa 2020, hiyo ndo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa, alipita Washington kabla ya kwenda Seattle Sounders. Watu wengi wanamtaja na Bernard Kamungo wa FC Dallas aliyezaliwa kambini Kasulu, ila yeye hakupita chuo, alijitokeza kwenye majaribio ya wazi akachukuliwa.

Na Ousmane Sylla, Msenegali wa Clemson, alibeba hiyohiyo Hermann 2023, mwaka wa ubingwa.

19. Mbona kila mwaka nyota wetu anaondoka?

Hii inauma na haina dawa. Mchezaji ana misimu minne. Akiwa mzuri sana anaondoka baada ya miwili kwenda MLS au Ulaya. Akiwa hana namba anaingia kwenye potali ya uhamisho, orodha ya wanaotaka kuhama chuo iliyoanza 2018, na Januari unamkuta Virginia. Ndo maana nasema fuatilia kuanzia Agosti, ukisubiri utakuwa unawajifunza majina wakati wanaaga. Mechi ya mwisho nyumbani wanawaaga wa mwaka wa mwisho, wanatembea katikati ya uwanja na wazazi wao. Mwaka mmoja mama wa kijana mmoja alikuja na kitenge, kasafiri mbali, akasimama pale kwenye nyasi kavua viatu. Sikuwa najua ni wa wapi, nilimshangilia kama dada yangu.

20. Mdogo wangu anajua mpira, anapataje skolashipu?

Jibu fupi: vyeti vya shule kwanza, video pili. Anajisajili mwenyewe NCAA Eligibility Center kwenye tovuti yao, anaandikia makocha moja kwa moja, barua pepe zao zipo kwenye tovuti za vyuo. Asikae miaka mingi baada ya kumaliza sekondari, muda unahesabika. Zamani kila timu ilikuwa na skolashipu 9.9 za kugawana, kuanzia msimu wa 2025 vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya vina kikomo cha wachezaji 28 badala yake, kwahiyo nafasi za benchi zimebana.

Na tafadhali sana, asimpe hela mtu anayesema anamjua kocha. Mtoto wa binamu yangu alitoa hela ya ada ya mwaka mzima kwa wakala mmoja, akapewa barua ya mwaliko ya uongo, mpaka leo mama yake akisikia neno Marekani anaondoka sebuleni. Makocha hawauzi nafasi.

## Ya pembeni

21. Kadi zinahesabiwaje?

Njano tano ndani ya msimu, unakaa mechi moja. Nyekundu unakosa inayofuata. Ukiona kiungo mkabaji ana nne kabla ya mechi kubwa, mwangalie anavyoogopa kuingia teke.

22. Radi ikipiga mechi inakuwaje?

Inasimama papohapo na wanasubiri dakika 30 tangu mwanga wa mwisho. Ikipiga tena dakika ya 29 wanaanza kuhesabu upya. Kama dakika 70 zimeshachezwa na haiwezekani kuendelea, matokeo yanabaki yalivyo. Chini ya hapo inahesabika haijachezwa, labda wakubaliane kuimalizia.

Septemba moja tulikaa kwenye gari zaidi ya lisaa, mvua inapiga bati la gari, watu sita na vioo vimejaa mvuke, mmoja anahesabu dakika kwa simu na kila akifika ishirini na kitu mbingu inawaka. Wengine walishaondoka. Ilipoanza tena tulibaki kama watu mia hivi, viatu vimelowa, na ile sauti ya mpira ukipigwa kwenye nyasi zenye maji ilikuwa inafika mpaka juu kabisa tulipokaa.